Kisarawanda si Shahidi

Ndugu Waislamu, desturi ya kungojea kisarawanda asubuhi ya arusi bado ina watetezi, pwani na hata huku kwetu Nachingwea na Ruangwa. Kitambaa kikitoka cheupe, binti huhukumiwa papo hapo.

Ni sharia gani iliyokifanya kitambaa kuwa shahidi? Sura ya Nur, aya ya 4, yamtaka anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi alete mashahidi wanne. Akikosa, apigwe mijeledi 80. Na Imam Nawawi, ambaye Minhaj yake ni tegemeo letu Mashafii, ameeleza kuwa aliyeondokewa na kizinda kwa kuanguka hukumu yake ni ya bikira vile vile. Mwanachuoni huyo alifariki mwaka 1277, nasi tungali tunabishana!

Matabibu nao wasema kizinda si ngozi iliyowambwa kama ngoma. Ni utando wenye uwazi, umbo lake hutofautiana, na mabikira wengi hawatoki damu usiku wa kwanza. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa hakuna uchunguzi wa mwili uwezao kuthibitisha ubikira.

Wengine hudhani ubikira ni cheti cha afya. Virusi vya Ukimwi mtoto aweza kuvipata kwa mamake, kwa kuzaliwa au kunyonya. Na bwana arusi, asiyetandikiwa kitambaa, nani amempima? Mwenye kutaka yakini ya afya awapeleke wote wawili wakapimwe damu kabla ya nikahi, na makungwi wa unyago waache kuwatisha wari.