Utani Usiojibiwa

Vichekesho vya redio hutengenezwa mara mbili: kwanza ukumbini, halafu kwenye kompyuta ya mhariri. Sisi wa nyumbani tunasikia ile ya pili tu, na kwa maoni yangu hapo ndipo utani unapoharibika.

Nimeingia kwenye rekodi kadhaa za aina hii mjini Morogoro. Nyuma ya jukwaa hakuna maajabu: nyaya sakafuni, sufuria za kugongea sauti, mchekeshaji anayerudia maneno yake huku chai ikipoa. Maikrofoni mbili zinaelekea jukwaani, ya tatu inaelekea kwa watu. Hiyo ya tatu ndiyo habari yenyewe.

Siku moja mchekeshaji aliigiza mama wa Kiluguru aliyeshuka kutoka Mgeta na tenga la kabichi. Lafudhi ameivuta, bei hajui, mji unamchanganya. Watu wakacheka. Mara mama mmoja katikati ya ukumbi akapaza sauti: "Na nyie wa mjini, tusiposhuka siku tatu mtakula nini?" Ukumbi mzima ukalipuka, na mchekeshaji mwenyewe akashika tumbo. Kipindi kiliporushwa, kicheko kile kikubwa kilikuwepo, ila kimebandikwa kwenye utani wa kwanza. Jibu la mama limekatwa.

Utasema ni suala la muda tu. Hapana bwana, hapo maana imegeuzwa. Kwa Waluguru, kama kwa jamii nyingi za mashariki mwa Tanzania, utani una kanuni. Mtani anakuja msibani, anakuchokoza, anamwigiza marehemu, anadai apewe chochote. Kesho msiba ukiwa kwake, zamu ni yako. Ukiondoa zamu, kinachobaki ni dharau.

Na hata kama kichekesho, kile kilikuwa dhaifu. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo vilevile. Huyo anayechekwa kwa kutojua bei huenda ndiye mwenye shamba, na anapanga bei kila siku ya soko. Mwandishi wa mchezo hakuuliza. Yule mama akamsahihisha bure, kwa sentensi moja, tena ya kuchekesha kuliko yake.

Redio yetu ilishawahi kulielewa hili. Wakati wa Redio Tanzania Dar es Salaam tulikuwa na Pwagu na Pwaguzi, jina lililochotwa kwenye methali: pwagu hupata pwaguzi, mjanja hukutana na mjanja zaidi yake. Jina peke yake linaahidi kwamba hakuna mjinga wa kudumu. Anayecheka leo ajiandae kuchekwa.

Vichekesho vya lafudhi si dhambi. Milima ya Uluguru nayo ina wachekeshaji wake, na wanawaigiza watu wa mjini vizuri tu. Ninachowaomba wahariri ni kidogo: mkibana muda, kateni muziki, kateni matangazo ya kujisifu. Sauti ya anayejibu iacheni.