Choa, Mashilingi na B35: Uhakiki wa Safari ya Jina la Ugonjwa

Wanaistilahi wamezoea kulalamika kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya kitabibu. Katika suala la kuvu wa ngozi, lalamiko hilo halina msingi. Kamusi zina choa, mba na punye. Wenyeji wa Nakuru na sehemu ya kati ya Bonde la Ufa wana mashilingi. Kinachostahili kuhakikiwa si uhaba wa maneno, bali mahali yanapopotelea, kati ya kinywa cha mzazi na msimbo unaoandikwa katika daftari la hospitali.

Mashilingi ni neno linalodharauliwa na baadhi ya wasomi kuwa la mitaani. Dharau hiyo ni ya haraka mno. Umri wa neno waweza kukadiriwa: shilingi ya Afrika Mashariki iliingia mikononi mwa watu mwanzoni mwa miaka ya 1920, baada ya rupia na florini, na jina halikuweza kuitangulia sarafu. Sitiari yenyewe ni aminifu. Baka ni la duara, ukingo wake umeinuka, na katikati pametulia. Kiingereza, kwa upande wake, kinataja mnyoo ambao haupo, nacho Kilatini kikaazima jina la buu atafunaye nguo. Kati ya lugha hizo tatu, ni ile ya Nakuru peke yake isiyomsingizia mdudu yeyote.

Tena neno hilo hubeba zaidi ya umbo. Mzazi kutoka Njoro au Molo anaposema kwamba mwanawe ana mashilingi, aghalabu anasema juu ya kichwa: nywele zimekatika na mabaka yameonekana. Punye ya kamusi ina maana hiyo hiyo. Lakini tabibu huandika kwa Kiingereza, na neno la Kiingereza huenea mwili mzima. Karani wa kumbukumbu za afya, ambaye hakumwona mtoto, anabaki na neno lisilotaja mahali.

Hapo ndipo ilipo hasara, kwa maana Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa hupanga kuvu hawa kwa mahali hasa. Katika toleo la kumi, lililoidhinishwa mwaka 1990 na kutumiwa kwa miaka mingi nchini Kenya, B35.0 ni ya kichwa na ndevu, B35.1 ya kucha, B35.2 ya mkono, B35.3 ya mguu, B35.4 ya kiwiliwili, na B35.6 ya kinena. Mwisho kuna B35.9, ambayo haibainishi chochote. Tarakimu hiyo 9 yafaa isomwe kama kiungamo: msomaji anakiri kwamba matini aliyopewa imekwisha kupoteza habari. Mzazi aliitoa habari hiyo kwa neno moja, ikadondoka katika tafsiri.

Wala jambo hili si la makarani tu. Choa cha kiwiliwili mara nyingi hupona kwa dawa ya kupaka, ilhali kuvu wa kichwani huingia ndani ya unywele, mahali ambapo dawa ya kupaka peke yake haitoshi; huhitaji dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa, kama vile griseofulvini. Anayeagiza dawa kwa kutegemea hesabu zilizojaa B35.9 hawezi kujua anunue malai kiasi gani na vidonge kiasi gani.

Isidhaniwe kwamba msimbo hauna dosari. Orodha hii ilizaliwa kuwa orodha ya visababishi vya vifo, ile aliyoiwasilisha Jacques Bertillon mwaka 1893, na magonjwa yasiyoua yalikaribishwa rasmi katika toleo la sita la mwaka 1948. B35.0 humweka mtoto wa shule na mwanamume mwenye ndevu katika chumba kimoja. Katika nchi ya ng'ombe wa maziwa, kama ilivyo pande za Molo na Njoro, kosa hilo si dogo: kuvu wa ndevu mara nyingi hutoka kwa mifugo, na wa kichwani kwa watoto aghalabu hutoka kwa mtoto mwenzake. Punye haichanganyi mambo hayo. Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, linaanzisha ugonjwa huu kwa 1F28 na kutenga ngozi ya kichwa, kucha na mguu.

Wapo wanaopendekeza fangasi, lililoenea zaidi Tanzania, liwe istilahi ya wote. Pendekezo hilo lina urahisi na hatari yake. Fangasi hukusanya B35, mba wa B36.0, na hata utando mweupe wa kinywani ulio katika B37, ambao kwa mtu mzima waweza kuwa dalili ya kudhoofika kwa kinga ya mwili. Neno linalofunika yote hayo linafaa kuwa jina la sura nzima ya kitabu, lakini halifai kuwa jina la ugonjwa wa mtu mmoja. Kuvu litumike kwa kiumbe. Choa, punye na mba yabaki kwa magonjwa. Na mashilingi yaingizwe kamusini kwa maana yake ya Bonde la Ufa, pamoja na maelezo kwamba aghalabu ni ya kichwani. Tabibu akiandika neno la mzazi kwanza, kisha la Kiingereza, karani atakuwa na sababu ya kuandika B35.0.