Wageni wa Madongoporomoka: Nani Anamtazama Nani?

Ukimuuliza mwanafunzi kuhusu Jitu katika "Tumbo Lisiloshiba", hadithi ya Said A. Mohamed, jibu huja haraka: Jitu ni ishara ya ulafi wa matajiri na unyakuzi wa ardhi. Jibu hilo ni sahihi na lilikuwa likipata alama. Hata hivyo, linaruka hatua muhimu ya msuko. Kabla ya mabuldoza kufika Madongoporomoka, Jitu lilifika kama mgeni. Lilishuka garini, likaingia katika mkahawa wa Mzee Mago, likala chakula chote na kuahidi kurudi. Makala haya yananuia kuonyesha kuwa ziara hiyo inastahili kuhakikiwa kivyake.

Desturi ya wenye nacho kuwatembelea wasio nacho ili kujionea si ngeni. Katika miaka ya 1880, watu wa tabaka la juu jijini London walienda East End, baadhi kwa nia ya kusaidia, wengine kwa udadisi tu. Huku kwetu, watalii hulipa watembezwe Kibera. Mwaka wa 2010, Kennedy Odede, aliyekulia Kibera, alizipinga ziara hizo katika gazeti la New York Times. Alisimulia jinsi alivyopigwa picha na mgeni akiwa kijana wa miaka 16, akiosha vyombo nje ya nyumba yao. Hoja yake ni kwamba mgeni huondoka na picha, naye mwenyeji hubaki amepunguziwa heshima.

Wapo wanaozitetea ziara hizi kwamba huwapa riziki vijana waongozaji na wauza vinyago. Hoja hii isipuuzwe. Lakini riziki haiondoi swali la usawa: je, mkazi wa Kibera anaweza kuingia Muthaiga, asimame uani kwa mtu na kumpiga picha akiosha vyombo?

Hapa ndipo ufundi wa mwandishi unapodhihirika. Katika ziara ya kawaida, mgeni hutazama na mwenyeji hutazamwa. Said A. Mohamed amegeuza macho. Mzee Mago ana jina na heshima ya uzee. Mgeni hana jina, ni "Jitu", na ngeli yenyewe ya LI inamtoa katika kundi la watu. Wenyeji ndio wanaoshangaa, na kioja ni mlaji. Msomaji naye anatazama akiwa upande wa mkahawa, si upande wa gari.

Nakiri kwamba sikuliona hili mapema. Nilipokuwa nikifundisha hadithi hii, niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu katika mtaa mmoja wa mabanda jijini Nairobi ili "waone mandhari". Msichana mmoja alikataa kushuka basini. Baadaye aliniambia, "Mwalimu, shangazi yangu anauza mandazi pale tuliposimama. Sikutaka anione nikiwa na wanaoangalia." Wenzake waliandika ripoti safi kuhusu mitaro ya majitaka na mabati yaliyoshika kutu. Hakuna aliyeandika jina la mtu hata mmoja. Nilikuwa nimewafunza kutazama kutoka upande wa gari, kinyume na hadithi yenyewe.

Mwalimu mwenzangu, napendekeza kwamba kabla ya kuorodhesha maudhui, tuwaulize wanafunzi: katika hadithi hii, nani anamtazama nani, na kwa idhini ya nani? Swali hili litawalazimu kurejelea nafsi ya usimulizi, uteuzi wa majina na matumizi ya ngeli, badala ya kukariri kwamba matajiri ni walafi. Tena litampa nafasi yule aliyebaki basini. Katika ziara yangu alinyamaza, ilhali ndiye aliyekuwa ameisoma hadithi vizuri kuliko sisi sote.