Mgono wa Mwanga

Fundi mmoja wa redio mjini Butembo hanunui paneli ya sola kabla hajaiinamisha huku na huku juani. Kibandiko cha wati hakisomi. Anatazama rangi, na namna uso unavyoumeza mwanga. Nilikuwa kibandani kwake mzee mmoja alipoleta paneli ndogo ya zamani, ya hudhurungi, yenye mistari myembamba badala ya miraba, akitaka kuibadilisha. "Papa, usiitupe," fundi akamwambia. "Hii inakula hata ukungu."

Na asubuhi zetu huku juu, hatua chache tu kutoka Ikweta, ni za ukungu.

Paneli za aina hiyo ni za silikoni amofasi, yaani isiyo ya fuwele. Kinachofanya kazi ndani yake ni utando wa chini ya nusu mikromita: panga tando elfu mbili, hazitimizi milimita moja. Mwanga wa buluu hunaswa humo upesi, lakini mwekundu hupenya ukaenda zake. Kuongeza unene si dawa, kwani chaji hupotea kabla ya kufika kwenye waya, na jua lenyewe huichosha silikoni hiyo, kama wanasayansi Staebler na Wronski walivyoonyesha mwaka 1977. Basi utando ubaki mwembamba, safari ya mwanga ndiyo irefushwe. Hapo ndipo penye ufundi.

Maabara ya Neuchâtel, Uswisi, iliiacha oksidi ya zinki, tabaka angavu linalopitisha umeme, iote juu ya kioo kutokana na mvuke, mpaka ikajifanyia yenyewe vipiramidi visivyoonekana kwa macho. Wa Jülich, Ujerumani, waliitandaza ikiwa laini, wakaichovya katika asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa sana. Ikatoka na vishimo. Mara nyingi naufikiria mkono uliokichovya kioo kile. Ukiwahi kukitoa, mwanga unapita moja kwa moja. Ukichelewa, oksidi imelika na umeme hauna pa kupita. Na mabonde yakiwa makali mno, silikoni inayotandazwa juu yake huota nyufa. Ni mkwaruzo wenye adabu.

Mwanga ukigonga uso huo hupinda, ukatembea kimshazari. Nyuma unakutana na fedha au rangi nyeupe, unarudishwa. Ukitafuta pa kutokea, ule mshazari wake unaunyima njia. Ni mgono wa wavuvi: kuingia rahisi, kutoka taabu. Mwaka 1982 mwanafizikia Eli Yablonovitch alikokotoa kwamba katika silikoni, uso ulioparuzwa vizuri unaweza kuirefusha safari hiyo hadi takriban mara 50.

Miaka ya 1990 vipaneli hivi, vya wati kama 12, viliwasha taa na televisheni katika nyumba nyingi za vijijini Kenya. Kisha silikoni ya fuwele kutoka China ikashuka bei, na mwaka 2014 kampuni ya Tokyo Electron, iliyokuwa imeinunua Oerlikon Solar ya Uswisi, ikatangaza kuacha kutengeneza mitambo ya paneli za utando. Sehemu ya ujuzi ule imehamia katika seli za aina nyingine. Ile hudhurungi siioni tena madukani.

Kinachoniuma ni jinsi tulivyoacha kutazama. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, mji uliokaa miaka mingi bila umeme wa taifa ukajiwashia wenyewe. Tulistahili kuwa walimu wa paneli. Badala yake tunanunua kibandiko. Jua la adhuhuri huleta takriban wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na seli nzuri za sokoni hugeuza kama sehemu moja ya tano kuwa umeme; hata hivyo paneli ya nusu mita ya mraba iliyoandikwa wati 300 haikosi mnunuzi. Anaifunga juu ya bati, na vumbi likijaa watoto wanatumwa kuisugua kwa mchanga. Paneli za fuwele nazo zina vipiramidi vyao, vilivyochongwa kwa dawa kali ili mwanga usiponyoke, na sisi juu ya kioo tunauwekea mikwaruzo mingine, ya kuutawanya kabla haujavifikia.