Hamu ya Pombe za Kwao: Theng'eta, Karara na Mitaa ya Eastlands

Utangulizi

Imekuwa desturi katika uhakiki wa riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Petals of Blood (1977), kuichukulia Theng'eta kuwa ishara ya utamaduni safi uliochafuliwa na ubepari. Pombe hiyo ni ya Ilmorog, na bibi mzee Nyakinyua ndiye ajuaye siri ya kuipika. Mwishoni inatiwa chupani kiwandani na kuuzwa kila mahali. Funzo linalotolewa huwa ni lile la methali: mwacha asili ni mtumwa. Usomaji huo si wa uongo, lakini ni mfupi. Makala haya yanakusudia kuupima kwa kuuweka mbele ya mahali ambapo hamu ya pombe za kwao imekuwa jambo la kila siku tangu enzi ya ukoloni, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi iitwayo Eastlands. Inadaiwa hapa kwamba historia ya mitaa hiyo inalazimisha swali jingine: anayeililia pombe ya kwao analilia kinywaji gani hasa, na ni nani aliyekipika?

Ngazi tatu za Theng'eta

Riwaya yenyewe ina uangalifu mkubwa kuliko uhakiki huo. Theng'eta inapanda ngazi tatu. Katika ngazi ya kwanza, baada ya ukame na ile safari ndefu ya wanakijiji kwenda Nairobi, mvua na mavuno yanarejea, na Nyakinyua anaipika kwa ajili ya sherehe. Munira, Karega, Wanja na Abdulla wanapoinywa ndimi zinafunguka, na siri zilizofichwa miaka mingi zinatoka hadharani, kikiwamo kisa cha Karega na Mukami. Hakuna anayelipa. Hapa pombe ni zawadi, na malipo yake ni ukweli ambao wanywaji wanaambiana.

Katika ngazi ya pili, ndege inaanguka Ilmorog na wageni wanamiminika kuitazama. Wanja, mjukuu wa Nyakinyua, anaona riziki. Yeye na Abdulla wanaanza kuuza nyama choma na Theng'eta. Katika ngazi ya tatu barabara kuu imekwisha kupita, Ilmorog Mpya imechipuka, na haki ya kuipika pombe hiyo imewaponyoka wenyewe na kuishia mikononi mwa Mzigo. Kiwanda kinajengwa kwa ushirika na mtaji wa kigeni, naye Mzigo anakiongoza pamoja na Chui na Kimeria.

Uhakiki uliozoeleka huiruka ngazi ya pili. Hutoka moja kwa moja kwa Nyakinyua hadi kwa Mzigo, kana kwamba kati ya zawadi na ukiritimba hapakuwa na kitu. Kumbe aliyeitia pombe hiyo bei kwa mara ya kwanza ni Wanja, mwanamke wa Ilmorog, na riwaya haimhukumu kwa hilo. Inamwonyesha akifanya kazi kwa mikono yake, kisha akinyang'anywa matunda ya kazi hiyo. Tofauti kati ya ngazi ya pili na ya tatu ni suala la nani anamiliki nyenzo za uzalishaji. Asili na usafi wa kinywaji havihusiki hapo. Mhakiki anayeomboleza asili iliyopotea anamsahau mtu aliyeporwa.

Pumwani: ukiritimba uliotangulia

Ngazi hizo zikipelekwa Eastlands, mpangilio wake unapinduka. Mji wa Pumwani ulipangwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili uwe makazi ya Waafrika wa Nairobi. Katika miaka hiyohiyo baraza la mji lilijitwalia haki ya pekee ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe ya nafaka katika ukumbi wake, na faida ikatumiwa kugharimia huduma za Waafrika wenyewe. Kwa maneno mengine, mfanyakazi alilipia ustawi wake kwa kulewa. Kampuni ya Kenya Breweries nayo ilianzishwa mwaka 1922, na kiwanda chake kikawa Ruaraka, mwendo mfupi kutoka hapo. Lakini hadi mwishoni mwa miaka ya 1940 sheria ilimkataza Mwafrika kunywa bia ya chupa. Kwa hiyo mkazi wa Pumwani alikuwa na pombe moja tu ya halali, nayo ilikuwa ya baraza.

Hapo ndipo hamu ilipozaliwa. Mluhya aliyezoea kuketi na wazee kukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, alijikuta amesimama ukumbini na kikombe kilichopimwa. Mkikuyu aliyeijua muratina kuwa kinywaji cha mahari na cha kutambikia aliiona ikiwa kosa la jinai. Ilmorog ilianza na zawadi ikaishia katika ukiritimba. Pumwani ilianza na ukiritimba. Zawadi ilibaki katika kumbukumbu tu, na biashara ya wanawake waliopika kwa kujificha ilikuja kama uasi dhidi ya baraza.

Wanawake hao hawapaswi kupitwa. Luise White, katika The Comforts of Home (1990), ameonyesha kwamba baadhi ya wanawake walioishi kwa ukahaba katika Nairobi ya kikoloni walifikia kumiliki nyumba. Mapato ya sufuria na ya debe yalikuwa sehemu ya uchumi huohuo wa wanawake wasio na shamba. Muhimu zaidi kwa hoja hii ni utafiti ambao Nici Nelson aliufanya katika bonde la Mathare miaka ya 1970. Wapikaji aliowachunguza walikuwa zaidi wanawake wa Kikuyu, na walichokipika kilikuwa busaa, pombe ambayo kila mtu huihusisha na magharibi ya Kenya. Aliyekunywa kwa hamu ya nyumbani Kakamega alikuwa akinywa jasho la mwanamke kutoka Murang'a au Kiambu. Ladha ya kwao ilikuwa imepikwa na jirani.

Majina na upatanisho

Lugha ya mitaa hiyo inathibitisha jambo hilo. Kiswahili cha pwani kina neno tembo kwa pombe ya mnazi, na jina la mti wenyewe hutumika pia kwa kinywaji. Busaa na muratina zimeingia Nairobi na majina yao, bila tafsiri. Jina muratina linatokana na tunda la mti ambao Kiswahili huuita mvungunya au mwegea, tunda linalokaushwa na kutumiwa kuichachua asali au maji ya miwa. Katika Kikuyu nomino hiyo huchukua upatanisho wa ngeli ya miti. Katika Kiswahili cha Eastlands husemwa "muratina hii imeiva", sawasawa na "busaa hii" na "chang'aa hii". Mnazi peke yake umebaki na upatanisho wake wa pwani: mnazi huu umechacha. Jambo hili dogo la sarufi linaeleza historia: majina yaliyokuja na lugha mbalimbali yamepangwa katika ngeli moja ya mji, pamoja na redio na pesa.

Aidha, uhaba wa pombe hizo haukuwa wa namna moja. Mnazi ulikuwa adimu Nairobi kwa sababu ya maumbile yake, kwani ukishagemwa huanza kuchacha na haukawii kuwa siki, haukuvumilia safari. Muratina na busaa zilikuwa adimu kwa sababu ya sheria, maana kimea, miwa na wapishi vilikuwapo. Theng'eta ni adimu kwa sababu ya tatu: inapatikana ndani ya simulizi tu. Mhakiki anayeziweka zote katika fungu moja la "vinywaji vya asili" anaufanya uamuzi wa dola uonekane kama kazi ya maumbile.

Karara: pombe isiyo na kwao

Inafaa kuilinganisha Theng'eta na kinywaji cha riwaya nyingine iliyotoka mwaka mmoja kabla yake, Going Down River Road (1976) ya Meja Mwangi. Ben na Ocholla, vibarua wa jengo la Development House, jioni huenda Karara Centre. Wake wa Ocholla wako shambani, na wanapokuja mjini na watoto wao kibanda hakiwatoshi. Hapa karara haisifiwi kuwa urithi wa wazee, na hakuna bibi anayeitunza siri yake. Ni pombe ya watu waliochoka, na bei yake ndiyo sifa yake. Ngũgĩ anaipa pombe historia ili aonyeshe wizi. Mwangi anainyima historia ili aonyeshe umaskini. Eastlands imezijua hali zote mbili kwa pamoja: kopo lilelile la Kasuku lilikuwa kumbukumbu ya chungu cha nyumbani kwa mmoja na usahaulifu kwa mwenzake.

Hitimisho

Matukio ya baadaye yameipa hoja hii uzito. Chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980, ikahalalishwa na sheria ya mwaka 2010 mradi itengenezwe na kuuzwa kwa kufuata viwango, sharti ambalo mwenye kiwanda hulimudu kwa urahisi kuliko mwenye sufuria. Mwaka 2004 bia ya Senator Keg ilitolewa ikiwa na nafuu ya kodi, ikiuzwa kutoka pipani kwa kikombe ili iwavute wanywaji wa pombe haramu. Kiwanda kilijifunza namna ya kunywa kutoka kwa wale waliokuwa wakifukuzwa na polisi. Ngazi ya tatu ya Theng'eta haikuwa kejeli ya msanii tu.

Hata hivyo, jibu la kudai kila pombe irudi kwao haliwezi kutoka Eastlands. Katika mji ambao busaa ilipikwa na Wakikuyu, kusema kwamba kinywaji ni mali ya kabila ni kuisingizia historia, na Kenya imekwisha kuona madai ya aina hiyo yanavyoweza kuhama kutoka kwenye kikombe hadi kwenye ardhi na nyumba. Kilichopotea ni kuketi kukizunguka chungu kimoja bila kuulizana bei, na kilichoporwa ni haki ya mpikaji juu ya kazi yake. Uhakiki wa Theng'eta unaoanza na kuishia kwenye asili hulisikia la kwanza na kulisahau la pili. Nyakinyua alistahili kukumbukwa. Wanja alistahili kulipwa.