Alama 30 za Mdomo, Kalamu Mkononi

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE nchini Kenya ina alama 60. Uandishi wa kiuamilifu una 20, kujaza mapengo 10, na 30 zilizobaki ni za stadi za kusikiliza na kuzungumza. Nusu nzima ya karatasi inapima mdomo na sikio, na chumba cha mtihani kiko kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Mtahiniwa anaulizwa neno lipi linatamkwa sawa na lingine, mkazo unaangukia silabi gani, mshororo fulani wa shairi angeutamka vipi mbele ya watu, angetumia ishara ipi na kwa sababu gani. Majibu yote anayaandika.

Kwa kuwa swali linajibiwa kwa kalamu, madarasa mengi hulifundisha kwa kalamu. Orodha ya maneno huandikwa ubaoni, wanafunzi hunakili, kisha hukariri. Tamthilia teule nayo husomwa hivyo hivyo: mmoja anasoma kwa sauti akiwa ameketi, wengine wanafuata kwa kidole, na jioni mwongozo wa kununua dukani unamaliza kazi kwa orodha ya sifa za wahusika. Mimi naamini njia hii inamnyima mtoto alama na pia inamnyima fasihi, na kwamba dawa yake ni kazi ndogo ya kuigiza inayofanywa kila siku ndani ya kipindi cha kawaida. Nitaonyesha inavyofanyika, nikiweka darasa letu Takawiri.

Takawiri ni kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, upande wa Suba katika Kaunti ya Homa Bay, na mtu huvuka kwa boti kutoka Mbita. Wageni wanakijua kwa ufuo wake wa mchanga mweupe; wenyeji wanakula na kulipa karo kwa uvuvi wa ngege, mbuta na omena. Kidholuo ndiyo lugha ya nyumbani, hata kwa familia nyingi ambazo asili yake ni Abasuba, kwa kuwa Kisuba kimerudi nyuma sana. Kiingereza hakina kazi ufuoni. Kwa mtoto wa huko, kipindi cha Kiingereza ni karibu mahali pekee anapoweza kukitamka kwa sauti na kusahihishwa.

Hebu tupige hesabu. Kidato cha tatu na cha nne wana vipindi 8 vya Kiingereza kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Hizo ni dakika 320. Mwalimu akichukua nusu ya muda kuzungumza yeye, zinabaki 160. Darasa likiwa na wanafunzi 40, kila mmoja ana dakika 4 za kufungua kinywa kwa wiki nzima, na hapo tumejifanya kwamba hakuna kuandika wala kusahihisha. Mwanya huo ndio uigizaji unaouziba, maana unawapa watu wengi kazi kwa wakati mmoja.

Tuchukue ukurasa wa kwanza wa A Doll's House, tamthilia ya Henrik Ibsen ya mwaka 1879 ambayo imekuwa kitabu teule nchini Kenya miaka hii ya karibuni. Nora anaingia nyumbani na vifurushi vya Krismasi. Mchukuzi ameleta mti. Nora anamlipa na kumwachia chenji. Akibaki peke yake, anatoa vibiskuti vya lozi, anakula kimoja au viwili, ananyemelea mlango wa chumba cha mumewe na kutega sikio. Torvald anaposikika, Nora anaficha mfuko na kupangusa mdomo. Baadaye kidogo mume anamuuliza kama amekula vitamu alivyomkataza, naye anakana.

Mwanafunzi akisoma hayo akiwa ameketi, biskuti ni biskuti tu, tena za watu wa Norway. Mpe mandazi. Sukuma madawati mawili yawe mlango, Torvald akae nyuma yake ukutani asione kitu, na Nora asimame mbele ya darasa na andazi la kweli mkononi. Maelekezo ya jukwaani yasomwe na msichana au mvulana mmoja, polepole, na Nora asifanye lolote ambalo halijasomwa. Darasa litaona lenyewe kwamba Ibsen amempa mama huyu vitendo vingi kabla ya kumpa maneno mengi: analipa, anakula, ananyemelea, anasikiliza, anaficha, anapangusa. Tayari tunamjua.

Kisha mwalimu anapiga kofi moja: ganda! Nora amebaki na mkono mdomoni. Swali linaulizwa darasa zima: sisi tunajua nini ambacho Torvald hajui? Hicho ndicho kinaya cha kidrama, na hakuna aliyehitaji kunakili maana yake ubaoni. Kofi la pili, Nora mwingine anachukua nafasi palepale alipoachia mwenzake, kwa mkao uleule. Ndani ya dakika kumi Nora sita au saba wamepita, na kila mmoja amelazimika kumtazama aliyemtangulia kwa makini kuliko anavyoutazama ubao.

Sehemu inayofuata ndiyo ninayoipenda zaidi. Jibu la Nora la kukana linasemwa mara tatu: kwanza kwa hofu, kisha kwa kubembeleza, mwisho kwa wepesi wa mtu aliyezoea kudanganya. Maneno ni yaleyale. Wanafunzi wanabishana ni lipi linalomfaa Nora wa ukurasa huu, na ubishi huo ni uchambuzi wa mhusika kwa maana yake kamili. Mimi ningechagua la tatu, kwa sababu baadaye katika sehemu hiyohiyo ya kwanza anamwambia Daktari Rank, rafiki wa familia, kwamba biskuti zililetwa na rafiki yake Kristine, uongo mwingine wa haraka usio na jasho. Halafu tunagundua kwamba aliwahi kughushi sahihi ya baba yake apate mkopo wa kumtibu mume. Anayeshika uzi huo kutoka kwenye andazi hadi kwenye sahihi hatapotea dondoo likimwuliza ni nini kilichotangulia na ni nini kinachofuata. Swali la dondoo katika karatasi ya pili lina alama 25, na wanaoangushwa nalo mara nyingi ni wale wanaojua sifa za Nora lakini hawajui mfuatano wa matendo yake.

Dakika nane za mwisho ni za daftari, na hapa hakuna msamaha. Kila mwanafunzi anaandika sentensi moja ya Kiingereza yenye sehemu tatu: ningelisema jibu hili kwa sauti ya namna gani, mwili wangu ungefanya nini, kwa sababu gani. Mtahini wa karatasi ya kwanza hutafuta umbo hilohilo. Mtoto anayeandika kwamba angetumia ishara bila kusema ipi hapati kitu. Aliyepangusa mdomo wake mwenyewe saa mbili asubuhi anajua la kuandika.

Je, mazoezi ya kwanza yafanywe kwa lugha gani? Nasema yafanywe kwa Kidholuo kama watoto wanataka, mara moja, kisha kwa Kiingereza. Najua shule ambazo bado zina diski, kile kibao anachokabidhiwa mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya mama ili ampitishie atakayenaswa baada yake. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza aibu ya namna hiyo katika Decolonising the Mind mwaka 1986, naye alikuwa akikumbuka shule za wakati wa ukoloni. Katika kuigiza, diski inaua kitu mahususi: vituo. Mtoto anayekana kosa kwa Kidholuo anajua atue wapi, ageuze macho lini, apandishe sauti kwenye neno gani. Akishaupata mpigo huo, anauvalisha maneno ya Kiingereza. Akianza na Kiingereza, nguvu zote zinaishia kwenye kuogopa kukosea.

Mpigo wenyewe unataka kazi ya pekee. Kidholuo hutofautisha maana kwa toni. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Kiingereza huhamisha mkazo, na kuhama huko hubadilisha aina ya neno: record ya nomino ina mkazo mwanzoni, ya kitenzi mwishoni. Mtoto wa Takawiri anafika darasani na mifumo miwili inayopingana na wa tatu. Orodha haimsaidii, kupiga hatua kunamsaidia. Wasimame mistari miwili, wakanyage chini kwenye silabi yenye mkazo, mstari mmoja nomino na mwingine kitenzi, kwa dakika tatu tu kabla ya somo lenyewe. Kuhusu sauti, Kidholuo hakina sh wala z, ndiyo maana ship na sip hugongana, ilhali ulimi wa Mjaluo umezoea kugusa meno katika maneno kama thuol na dhano, kwa hiyo th ya Kiingereza, inayowasumbua wengi, kwake iko karibu. Mwalimu aanze na hiyo iliyo karibu.

Deni la Nora halipaswi kubaki Norway. Mke wa zama zile hakuweza kukopa bila idhini ya mume, na hapo ndipo mtego wote ulipotegwa. Ufuoni kwetu wanajua jaboya, ile desturi ya mwanamke mchuuzi kulazimika kumpa mvuvi mwili wake ndipo auziwe samaki, na wanajua kwamba katika ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, wanawake walianza mwaka 2011 kumiliki mashua zao ili waondokane nayo. Mwalimu anayejua darasa lake atachagua namna ya kulisema jambo hili kwa heshima. Asilikwepe. Wasichana waliomo humo wanaelewa vizuri kuliko mwongozo wowote kwa nini Nora alifanya siri, na wavulana wanahitaji kusikia hoja hiyo ikitetewa kwa sauti.

Kwa darasa kubwa, tamthilia yenye wahusika wachache haitoshi. Hapo sigana, hadithi simulizi ya Kijaluo, inaingia. Bibi wa Kijaluo aliyetamba hadithi usiku hakuwa na watazamaji: kila aliyekuwepo alikuwa na kiitikio cha kupokea. Chukua kisa cha Simbi Nyaima, ziwa lililo karibu na Kendu Bay. Bikizee anafika kwenye karamu, anafukuzwa, mwanamke mmoja tu anamkirimu, na kijiji kinazama. Walevi wa karamu ni nusu ya darasa. Maji ni nusu nyingine, nao wanaanza kama mnong'ono nyuma ya chumba na kusogea mbele mstari kwa mstari hadi sauti ya karamu inazimwa. Watu 40, hakuna aliyeketi, na ndani ya kipindi kimoja wamefanya urudiaji, ukinzani na taharuki, mambo yanayoulizwa pale karatasi ya pili inapoleta hadithi simulizi.

Mlango wa sigana kuingia darasani ulifunguliwa kwa juhudi. Oktoba 1968, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe na fasihi ya Afrika, pamoja na simulizi zake, ikae katikati. Mwaka 1974 walimu walikutana Nairobi kulijadili suala hilo kwa ajili ya sekondari, na mwaka 1982 Kichamu Akivaga na Asenath Bole Odaga walitoa kitabu cha kufundishia fasihi simulizi. Odaga alikuwa mwandishi wa Kijaluo aliyejua sigana kutoka chanzoni.

Mtu ataniambia uigizaji una mahali pake, katika tamasha la kitaifa la drama lililoanza mwaka 1959. Nalipenda tamasha hilo kwa moyo wote, na lina uzito: Aprili 2025 wasichana wa Butere walifika Nakuru na mchezo wao Echoes of War baada ya mahakama kuagiza waruhusiwe kuuonyesha, wakaondoka bila kuigiza, na polisi wakarusha vitoa machozi. Serikali haiogopi kitu kisicho na nguvu. Lakini tamasha huchagua wachache, huwa na msimu, na kwa shule ya kisiwani kila raundi ni nauli ya boti kabla hata ya nauli ya basi. Mtoto mwenye kigugumizi nyuma ya darasa hachaguliwi kamwe. Yeye ndiye anayehitaji kuwa maji ya Simbi siku ya Jumanne.

Pingamizi la kweli ni muda. A Doll's House haiwezi kuigizwa yote kwa namna hii, na anayejaribu atafika muhula wa mwisho akiwa katikati. Mimi ningechagua mahali patatu. Mlango na mandazi, sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili, Nora akicheza ngoma kwa wazimu ili mumewe asifungue sanduku la barua, kwa sababu pale mwili unasema asichoweza kusema. Na mwanzo wa mazungumzo ya mezani ya mwisho, ambapo wote wawili wameketi. Hayo yafanywe bila hatua hata moja, kwa sauti ya chini, ili darasa ligundue kwamba baada ya mbio zote mtunzi amewanyima kutembea kwa makusudi. Kurasa zilizobaki zisomwe wakati wa masomo ya jioni, kila moja na swali lake.

Mfumo mpya wa elimu nao unakuja na somo la Theatre and Film kwa shule za upili za juu, ambazo Gredi ya 10 yake ya kwanza ni ya mwaka 2026. Shule kubwa zitaajiri na kununua vifaa. Za visiwani zina walimu wachache, na wengi wa wanafunzi wake hawatapata somo hilo. Kiingereza kinabaki cha lazima kwa kila njia ya masomo, na chumba chenye madawati mawili ya kusukuma kipo tayari. Mwalimu aanze kesho asubuhi kwa dakika kumi, na andazi moja.