Ukali wa Adhabu na Kukoma kwa Uhalifu: Uhakiki wa Hoja Iliyozoeleka Mimbarini

 

Katika khutba za Ijumaa zinazosomwa katika misikiti ya jiji la Arusha, na huku juu Arumeru, imo hoja moja iliyorudiwa mpaka ikawa kama jambo lisilohitaji dalili. Khatibu husema kuwa uhalifu umezidi kwa sababu adhabu za serikali ni laini. Laiti mikono ya wezi ingekatwa, basi wizi ungekoma ndani ya wiki moja. Kisha hutolewa mfano wa Saudi Arabia, ambako wauza dhahabu huacha maduka wazi wakaenda kuswali. Waumini huitikia kwa takbira, na swala hukimiwa.

Hoja hii tunakusudia kuipima, kwa mizani ya fiq-hi kwanza na ya historia baadaye. Wala asidhani msomaji kuwa tunazikataa hudud. Kukatwa mkono wa mwizi kumethibiti kwa Aya ya 38 ya Suratul Maidah, na Aya hiyo yenyewe imeitaja adhabu ile kuwa ni "nakal", yaani mfano wa kuwatisha wengine. Imamu Al-Mawardi, katika Al-Ahkam As-Sultaniyya, amezieleza hudud kuwa ni vizuizi alivyoviweka Allah ili watu wasiyaendee aliyoyakataza. Kwamba adhabu imekusudiwa kuzuia, hilo halina ugomvi. Ugomvi wetu na makhatibu ni katika kudai kwamba ukali peke yake ndio unaozuia. Hilo hatukulisoma kwa masheikh zetu, na kila tulipolitafuta vitabuni tumekuta kinyume chake.

Aliyesoma Minhaj At-Talibin ya Imamu An-Nawawi darasani, si kwa kusikia, anajua kwamba mlango wa wizi umejaa masharti ya kumwepusha mtu na kukatwa kuliko maneno ya kumkata. Mali lazima ifikie nisabu, nayo kwa madhehebu yetu ya Shafii ni robo dinari. Lazima iwe imetolewa mahali pa hifadhi panapolingana na mali ile. Lazima pasiwe na shubha, kama vile mwizi kuwa na haki katika mali hiyo au kuwa ni baba wa mwenye mali. Na lazima mashahidi wawili waadilifu waeleze walichokiona kwa tafsili, au mwizi akiri. Robo dinari ni zaidi kidogo ya gramu moja ya dhahabu, na kwa bei za miaka hii inapita shilingi laki moja na nusu. Kuku wa Ngaramtoni hafikii kiwango hicho, wala simu ya tochi iliyoachwa juu ya meza ya mama lishe, ambayo zaidi ya hivyo haikuwa katika hifadhi. Wengi wanaoitwa wezi mitaani kwetu, lau wangefikishwa mbele ya Qadhi mwadilifu leo hii, wasingekatwa hata ukucha. Wangepewa taazir, na wangelazimishwa kurudisha mali ya watu.

Zaidi ya hayo, Maiz (r.a.) alipomjia Mtume (s.a.w.) kukiri zinaa, Mtume alimgeuzia uso mara baada ya mara mpaka akakiri mara nne, na baada ya hapo akauliza kama mtu huyu ana wazimu au amelewa. Sheria iliyokusudia kutisha kwa wingi wa adhabu isingemgeuzia uso mtu aliyejileta mwenyewe. Wanazuoni wameafikiana kwamba hudud huondoshwa kwa shubha, ingawa isnadi ya hadithi mashuhuri juu ya jambo hili ina maneno.

Tuje kwa Sayyidna Umar (r.a.), kwa kuwa yeye ndiye anayetajwa sana na wapenda ukali. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba watumwa wa Hatib waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Umar aliamuru wakatwe. Kisha akasita, akamwambia Hatib kwamba anaona anawashindisha na njaa. Akamuuliza mwenye ngamia bei yake, akajibiwa kuwa ni dirham mia nne, na Umar akamtoza bwana wa watumwa dirham mia nane. Hapa msomaji azingatie: mwizi amethibiti, mali imethibiti, na adhabu ikahama kutoka mkono wa mwenye njaa kwenda mfuko wa aliyemshindisha na njaa. Pia imepokewa kutoka kwake kwamba haikatwi mikono katika mwaka wa njaa, na Ibnul Qayyim amelieleza jambo hili kwa urefu katika I'lam Al-Muwaqqi'in. Umar hakuifuta Aya. Alifahamu kuwa hadd ni jiwe la mwisho la jengo, na anayelianza jengo kwa jiwe hilo hana pa kuliweka.

Sasa historia, na tuanze nyumbani. Wazee wetu walikuwa wakisimulia "hamsa wa ishirini", viboko ishirini na tano vya Mjerumani. Uhuru ulipokuja kiboko hakikuondoka. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini, ambayo kwa makosa kama rushwa na wizi wa mali ya umma ilimlazimisha hakimu kutoa kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko ishirini na vinne: kumi na viwili siku ya kuingia gerezani na kumi na viwili siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika hotuba yake ya Mei Mosi mwaka 1995 mjini Mbeya, aliikumbusha sheria ile na kueleza kuwa viboko vya kutokea vilikuwa ili mtu akamwonyeshe mkewe. Watu walicheka, lakini mwaka uliofuata, 1996, Tume ya Jaji Warioba ilitoa ripoti yake na ikaikuta rushwa imeenea polisi, mahakamani, hospitalini na katika ardhi. Miaka thelathini na mitatu ilikuwa imepita tangu sheria ya viboko. Atakayejibu kwamba ile ilikuwa sheria ya wanadamu na wala si hadd, tunamwambia kuwa amesema kweli, lakini hoja ya mimbari ilikuwa ni ukali, na ukali ulikuwepo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Ukisimama Usa River ukatazama juu unauona mlima wake. Kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 na marekebisho yake, kulima bangi kuna kifungo kisichopungua miaka thelathini, na biashara yake inaweza kumpeleka mtu kifungo cha maisha. Miaka thelathini! Katika ulevi wenyewe mafuqaha wamezungumza juu ya mijeledi arubaini au themanini. Pamoja na hayo, Mamlaka ya kudhibiti dawa hizo imelazimika kupanda Kisimiri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kufyeka na kuchoma mashamba ya bangi, na mwaka 2023 ilikuwa huko tena. Kisimiri hii ndiyo ile ambayo sekondari yake ilishika nafasi ya kwanza kitaifa katika mtihani wa kidato cha sita mwaka 2016. Ardhi ni moja na watu ni wamoja. Mkulima wa mlimani hajui kusoma Gazeti la Serikali, lakini anajua bei ya gunia, anajua umbali wa barabara, na anajua kwamba mwaka hupita bila askari kufika. Miaka thelathini isiyomfikia mtu ni myepesi kwake kuliko miezi sita yenye yakini.

Na wanaosema kuwa tatizo ni kukosekana kwa Sharia yenyewe, watazame Zamfara, Nigeria. Jimbo lile lilitangaza kuanza kwa hudud mwaka 2000, na Machi mwaka ule ule mtu mmoja akakatwa mkono kwa kuiba ng'ombe. Magazeti ya Kiislamu ya dunia yaliandika kwa furaha. Baada ya miaka kumi hivi, jimbo hilo hilo likawa kitovu cha majambazi wa bunduki na wezi wa mifugo kwa mamia ya vichwa, na Februari 2021 wasichana 279 wakatekwa kutoka shule ya Jangebe. Hatusemi kuwa hudud ndizo zilizoleta majambazi. Atakayesema hivyo amedhulumu. Tunasema kwamba mkono wa mwizi wa ng'ombe mmoja haukuwa badala ya polisi waaminifu, malisho, na mahakama inayomfikia mkubwa. Hata Saudi Arabia, inayopigiwa mfano, iliua kwa hukumu watu zaidi ya 300 mwaka 2024, na zaidi ya mia moja kati yao ni kwa dawa za kulevya. Ikiwa upanga peke yake unakomesha, basi hao mia wametoka wapi?

Kumfikia mkubwa ndilo jambo linalosahauliwa zaidi. Katika hadithi ya mwanamke wa Bani Makhzum, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Usama (r.a.) alipomwombea shufaa, Mtume (s.a.w.) alikasirika, akabainisha kuwa waliotangulia waliangamizwa kwa kumwacha mwenye cheo akiiba na kumsimamishia hadd mnyonge. Khatibu huisoma hadithi hii kama dalili ya ukali, hali ya kuwa inazungumzia usawa. Mwaka 2008, katika kashfa ya akaunti ya EPA ya Benki Kuu, ambamo zaidi ya shilingi bilioni 133 zilichotwa, watuhumiwa walipewa mpaka tarehe 31 Oktoba kurudisha fedha ili wasishitakiwe. Baadhi ya wengine walifikishwa mahakamani, ndiyo. Lakini mwizi wa betri ya gari pale Kilombero nani amewahi kumpa tarehe?

Naye hapewi tarehe, anapewa tairi. Na hapa ndipo hoja ya mimbari inapoacha kuwa suala la darasani. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa, sisi na wenzetu wawili, kumhudumia maiti wa kijana asiyefikia miaka ishirini, Mwislamu, aliyechomwa moto na umati pembezoni mwa jiji hili kwa tuhuma ya kuiba simu. Kumwosha hakukuwezekana, kwa kuwa ngozi ingetoka na maji. Tukamtayamamisha, kama inavyoelekezwa katika vitabu vyetu kwa aliyeungua. Mmoja wa waliohudhuria akasema kwamba angalau wengine watapata funzo, na baadhi walisitasita kumswalia. Mwezi haukwisha, katika mtaa ule ule zikaibwa pikipiki mbili.

Adhabu kali kuliko moto haipo. Haina rufaa, haina wakili, hutolewa hadharani mbele ya watoto, na mitaa ya miji yetu imeionja kwa miaka mingi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikirekodi mamia ya vifo vya namna hii nchini kwa mwaka. Kama ukali ungekuwa ndio dawa, Arusha ingekuwa imepona zamani. Tena ni adhabu aliyoikataza Mtume (s.a.w.): alikituma kikosi na kuamuru watu wawili wachomwe, kisha kabla hawajaondoka akarejea kauli yake, akabainisha kuwa kuadhibu kwa moto ni kwa Allah peke yake. Imo katika Bukhari. Khatibu anayesema mimbarini kuwa wezi wamezidi kwa kuwa hatuwaadhibu vikali, na hasemi neno juu ya tairi, ajue kuna vijana mlangoni wanaomsikia nusu.

Wapo pia wanaolaumu Sharia kwa ukatili, na siku hizi huko barabara ya Dodoma, ilipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, wana hukumu ya kuitegemea. Mahakama hiyo, iliyohamia Arusha mwaka 2007, iliamua tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, kwamba hukumu ya kifo ya lazima katika kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inakiuka haki ya uhai, kwa kuwa inamnyima jaji nafasi ya kupima hali ya mshitakiwa. Baadhi ya masheikh waliipokea habari hii kwa hasira. Lakini kifungu kile hakikutoka kwetu. Katika fiq-hi, aliyeua kwa makusudi hukumu yake imo mikononi mwa warithi wa aliyeuawa: kisasi, au diya, au msamaha, na msamaha umehimizwa. Sheria isiyoacha mlango wa msamaha, na ambayo tangu mwaka 1994 haijamnyonga mtu bali imewaweka mamia wakingoja, haifanani na kisasi cha Suratul Baqarah, Aya ya 178 na 179, isipokuwa kwa jina.

Imebaki mas'ala moja ambayo maimamu wenzetu hutuuliza, nayo ni hukumu ya wale waliokusanyika kumchoma mtuhumiwa. Jawabu ni hili. Anayekuvamia unamzuia kwa kilicho chepesi kinachotosha, kama ilivyo katika mlango wa siyal. Akishikwa au akikimbia bila mali, damu yake ni haramu kama damu yako. Watakaomuua baada ya hapo ni wauaji. Sayyidna Umar (r.a.) aliwaua kundi la watu kwa kumuua mtu mmoja huko Yemen, akasema kuwa lau watu wa San'a wote wangeshirikiana kumuua angewaua wote, na hii ndiyo kauli ya jamhuri ya wanazuoni. Basi lau hiyo Sharia kali inayoombwa kila Ijumaa ingesimama kesho Arusha, kesi ya kwanza mbele ya Qadhi isingekuwa ya mwizi wa simu. Ingekuwa ya mwenye tairi, aliyeleta petroli, na aliyewasha kiberiti.

Ama kijana yule, huswaliwa. Alikuwa Mwislamu, na wizi, hata ungethibiti, haumtoi mtu katika Uislamu. Wallahu aalam.